Kofia ya Chui mu Vitabu ya Mama Colombe

Siku ya kwanza ya juma, 11 Novemba 1974

Nimechoka. Naandika hii kwanza, mengine yatafuata. Miaka kumi niko napiga kashe, ule muhuri, ku biro ya serikali, juu ya makaratasi ya watu wengine. Napiga, napuliza, napiga tena. Mukono wa kuume umekuwa munene kupita wa kushoto. Nani ameona? Hakuna.

Leo Citoyen Directeur, mukubwa wa biro, alituita wote. Amesema tarehe 24, siku ya fete ya utawala wa Rais, biro yetu itafungua chumba ya kusomea. Kutakuwa meza, benchi, vitabu, na shefu mumoja, musimamizi wa kukaa humo. Atakayeleta kitu kizuri kupita wote kwa maonyesho, yeye njo atakuwa shefu. Délégué, mujumbe wa Chama, atakuja kutazama kwa macho yake. Na kuna kiti. Kiti inazunguka! Nimeiona mu stoo, bado iko na plastiki.

Bulonza, mwenye meza ya pembeni yangu, alinyanyua kidole hata Directeur hajamaliza. Ataleta karte, ramani ya Zaïre, ya kuchongwa mu muti, na ziwa yetu ya Kivu mahali pake. Kila mutu akasema aaah. Basi na mimi nikanyanyua kidole. Nikasema nitaleta kitu ambayo hawajaona tangu wazaliwe. Directeur akauliza ni nini. Nikajibu ni siri. Kweli ilikuwa siri, hata mimi sikuijua.

Njiani, mvua. Viatu maji tupu. Kufika nyumbani, namukuta muke wangu, Mama Colombe, na binti yetu, Colombe. Wamefungua ile vitabu yake. Nikasimama ku mulango, maji inanitiririka, nikaona kila kitu wazi. Siri yangu njo hii!

Vitabu tatu, kubwa, nzito. Hadithi za zamani za Ulaya, za wafalme na wachawi na binti walioteswa. Dhahabu ku pembe za kurasa. Kila picha imefunikwa na karatasi laini, nyembamba, ambayo unainua polepole kwa kidole. Mbele ya kuolewa Mama Colombe alilea watoto wa Madame mumoja, kule Nguba, mutaa wa wazungu. Wale wazungu walipoondoka, mupishi aliomba sufuria, mulinzi aliomba koti. Mama Colombe aliomba vitabu. Mupaka leo hafungui bila kunawa mikono. Na mimi ananinawisha, hata kama natazama tu kwa mbali.

Siku ya pili, 12 Novemba

Nilijaribu njia ya wema. Nilimuchotea maji ku bomba, mimi mwenyewe, na ndoo. Majirani walitoka kutazama. Mumoja aliuliza kama kuna mugonjwa.

Halafu nikamuomba vitabu kwa siku kumi na mbili tu. Alisema hapana. Sikumaliza hata kueleza habari ya kiti. Alisema mu ile nyumba ya Nguba alifua, alipiga pasi, alibeba watoto wa wengine mugongoni miaka tisa, na hakuna hata mukubwa mumoja aliyemuuliza yeye anapenda nini. Wale watoto tu. Wao njo walimufundisha herufi juu ya hizo picha, kidole yake mu kidole yao. Alisema hii vitabu njo shule yake, hana ingine. Haitoki mu nyumba.

Nilisikia huruma. Nilisikia huruma mupaka wakati wa kula.

Tulipomaliza sombe nikasema, polepole, kama mutu anayesema habari ya mvua, kwamba amri mupya imetoka. Kila kitabu ya kigeni inapaswa kufika ku biro na kupigwa kashe. Isiyo na kashe itachukuliwa. Mama Colombe alinitazama sana. Lakini siku hizi amri mupya inatoka kila asubuhi. Tuliacha karavati, tai ya shingoni. Tuliacha majina ya ubatizo: nililala Apollinaire, niliamuka Cirhuza. Kwa nini vitabu nayo isipigwe kashe? Aliamini. Akauliza siku ngapi. Nikasema mbili.

Ilikuwa nyepesi mno. Nilipaswa kuogopa.

Siku ya ine, 14 Novemba

Alivifunga mu kikwembe, kitenge chake cha ndoa, na mafundo tatu. Alinifuata mupaka barabarani akisema nisiweke chini, nisiweke karibu na dirisha, nisimupatie Bulonza. Nilibeba juu ya kichwa, mwavuli juu ya vitabu, mvua juu yangu.

Ku biro nilifungua mafundo mbele ya wote. Wote wakasogea! Directeur mwenyewe alivaa miwani. Aliinua karatasi moja laini kwa ncha ya kalamu. Chini yake binti wa mufalme, nywele mupaka magoti, farasi mweupe, jumba juu ya mulima, theluji inaanguka. Directeur alisema ni uzuri wa kutisha. Nilianza kusikia kiti inazunguka chini yangu.

Halafu akakunja uso. Akauliza authenticité, ule uasili wetu, iko wapi. Wafalme wote weupe, vitambaa shingoni, theluji kila pahali. Alisema tumetoa mambo ya wakoloni ku mulango, na mimi niko nairudisha mu kikwembe. Bulonza alicheka mupaka akashika meza. Aliuliza kama theluji inaanguka kwetu Kadutu ao Nguba tu.

Nilijibu haraka, na bado najishangaa. Nikasema vitabu bado haijawa tayari, iko mu programu ya zaïrianisation, ya kugeuza vitu vya wageni kuwa vya Zaïre. Maduka imezaïrianishwa, mashamba imezaïrianishwa, wafalme wa hadithi wanangoja nini? Directeur alivua miwani. Akasema sawa, anapenda mutu mwenye mawazo. Niko na muda mupaka siku ya tatu ya juma inayokuja.

Bulonza aliacha kucheka. Hiyo peke yake ilinitosha kwa leo.

Siku ya posho, 16 Novemba

Asubuhi salongo, kazi ya lazima ya kusafisha muji, kama kila siku ya sita. Tulisafisha mutaro. Matope mupaka magoti, na mugongo haukunyooka tena tangu hapo. Bulonza alipewa kazi ya kuandika majina ya waliokuja. Daima anapata kazi ya kuandika.

Saa nane nikachukua vitabu, nikapeleka kwa Gérard, ku mutaa wa Nyawera. Gérard anachora vibao vya maduka. Ule ng'ombe anayecheka juu ya mulango wa muuza nyama, ni yeye aliyemuchora. Kila mutu bado anamuita Gérard, amri ya majina haijamufikia. Alitazama vitabu akasema hajawahi kupaka kitu kidogo hivi. Lakini rangi ni rangi.

Kitabu ya kwanza tulifanya pamoja. Binti wa mufalme akawa mweusi, muzuri, na kikwembe cha maua. Jumba ikapata bendera ya kijani. Theluji ilitusumbua. Mwisho tukaigeuza unga wa mihogo, umeanikwa. Farasi tulimuacha.

Mufalme tulimuvalisha abacost, ile koti ya wakubwa isiyo na karavati. Hapo nikaona kuna kitu inakosa. Kichwa wazi, abacost, tumbo: alikuwa Directeur, si mufalme. Kwetu mufalme ni Mwami, na Mwami anavaa ngozi ya chui, hilo hata mutoto anajua. Nikamuambia Gérard aweke kofia ya chui. Gérard alisimamisha burashi hewani. Akauliza kama niko na hakika. Nikasema mimi ni Mushi wa kabila, nimeona Mwami kwa macho yangu, nitakosa kujua kofia ya mufalme? Akauliza tena mara ya pili, kwa sauti ya chini, na akatazama nje. Nikakasirika. Watu wasio na masomo wanaogopa kila kitu. Nikamuambia kila pahali mufalme iko, aweke kofia. Kila pahali! Akasema sawa, patron.

Ya pili aliifanya peke yake. Mimi nililala juu ya mifuko ya simenti, salongo ilikuwa imenivunja. Ya tatu haikuguswa, rangi iliisha.

Shida moja. Hii rangi ni ya mbao. Haikauki na mvua. Karatasi zile laini zimegandama juu ya picha. Nilivuta moja, ikatoka na nusu ya uso wa binti. Nimeacha kuvuta.

Siku ya kwanza, 18 Novemba

Mama Colombe ameuliza vitabu iko wapi, siku mbili zimekuwa ine. Nilisema mustari ni murefu, watu wengi wako na vitabu. Akasema hakujua Bukavu iko na wasomaji wengi hivyo. Binti yetu akauliza kama kashe itapigwa ku uso wa binti wa mufalme ao ku nguo.

Sikuweza kula vizuri. Maharagi yalikuwa na chumvi mingi, labda ni hiyo.

Siku ya tatu, 20 Novemba

Ushindi! Nilifungua kitabu ya kwanza mbele ya Directeur, picha ya kwanza, ile iliyokauka. Mufalme amesimama, abacost, kofia ya chui, watu wanapiga makofi. Directeur aliinuka. Aliinuka kabisa! Akapiga makofi na yeye. Akasema nimeelewa Taifa. Akasema hana haja ya kuona zaidi, kazi ya namna hii inajionyesha. Nilienda stoo, nikakaa ku kiti na plastiki yake, nikazunguka mara tatu. Kichwa iliuma.

Bulonza aliomba kufungua ya pili. Sikuweza kumukataza. Alifungua polepole, ukurasa kwa ukurasa. Alipofika katikati alisimama. Alitazama sana. Akafunga, akanipongeza, akanipa karanga.

Miaka yote tunakaa pembeni, Bulonza hajanipa hata maji. Mutu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilikuwa nimechoka, nikala karanga.

Siku ya tano, 22 Novemba

Mama Colombe amekuja ku biro. Hajawahi kufika hapa hata siku moja. Alikuja na chakula yangu mu sahani, imefunikwa, na alitafuta mustari wa watu wenye vitabu. Hakuna mustari. Akamuuliza Bulonza, kwa heshima, mahali vitabu inapigwa kashe. Bulonza, kwa heshima vilevile, alimueleza yote. Maonyesho, Délégué, kiti.

Habari ya rangi hakusema. Nilimuona akichagua kutosema. Hilo alimuwekea kwa siku ya Mungu, siku ya fete.

Mama Colombe aliweka sahani ku meza yangu. Alisalimia kila mutu, mumoja mumoja. Akaenda. Nyumbani hakufoka. Afadhali angefoka! Alinipakulia, akakaa kule mbali na binti yake. Niliposema nitarudisha vitabu baada ya fete, alinijibu jambo moja tu. Alisema angeweza kunisamehe kama ningeiba. Lakini nilimufanya azifunge mwenyewe, na mikono yake, mu kikwembe cha ndoa.

Nimezima taa.

Siku ya Mungu, 24 Novemba

Niko mutu wa bahati mbaya, ao ya nzuri, sijui. Niandike kwa utaratibu.

Chumba ilijaa. Délégué wa Chama mbele, Directeur pembeni yake, wamama wa animation, wale waimbaji wa Chama, walimu, watu wa kusimama. Karte ya Bulonza ilionyeshwa kwanza. Ilikuwa nzuri, nasema ukweli. Kisha mimi. Nilifungua kitabu ya kwanza. Makofi. Délégué alitabasamu.

Hapo Bulonza akasimama. Akasema, na uso wa mutakatifu, kwamba kazi ya ndugu yake Cirhuza inastahili kuonekana yote. Akaomba kitabu ya pili ipitishwe mbele ya watu, na hadithi ielezwe. Délégué akakubali. Bulonza mwenyewe akakishika, akafungua katikati, akakinyanyua juu.

Sikuwa nimesoma kitabu ya pili. Ni Kifaransa cha zamani, kinanichosha. Kumbe ni hadithi ya mufalme asiyesikiliza watu wake, na mwanamuke muzee wa pori anamugeuza mbuzi. Miaka saba mbuzi. Anakula majani, anafungwa kamba, wachungaji wanamupiga fimbo ku matako.

Na Gérard, Mungu amubariki, ni mutu wa kufuata neno. Kila pahali mufalme iko, kofia ya chui.

Mbuzi, na kofia ya chui.

Yoo, Nyamuzinda, Mungu wetu! Mu Zaïre muzima kuna kofia moja ya namna ile. Ni ya Rais, mu picha yake ku ukuta, juu ya meza ya Directeur. Naiona kila siku nikipiga kashe! Na bado nilimuambia Gérard aiweke. Nilifikiri Mwami. Nilifikiri ngozi ya chui ni ngozi ya chui. Directeur akawa rangi ya majivu. Watu wa nyuma walianza kutazama mulango. Mwanaume mumoja mwenye miwani nyeusi alitoa karne, daftari ndogo ya mufukoni. Nilijua mahali mutu anapelekwa kwa jambo kama hii, na nilijua harudi na meno yote.

Sauti ikatoka nyuma. Mama Colombe. Sikujua kama amekuja. Alipita katikati ya watu, polepole, akaomba ruhusa kwa Délégué, akasema huyu anayeshika kitabu hajui kuisoma. Akamunyanganya Bulonza. Akaweka kidole ku herufi, akasoma Kifaransa, sauti kubwa, safi, mupaka Délégué akainamisha kichwa asikie. Kisha akaeleza kwa Kiswahili.

Alisema huyu mbuzi ni mukoloni. Mufalme alikuwa anaoga ziwani, mbuzi akapita, akaiba kofia, akaivaa, akatembea mu inchi akisema mimi njo mufalme. Lakini raia si wajinga. Akageuza ukurasa: tazameni, wanamupiga! Akageuza tena: tazameni, wamemufunga kamba! Akageuza ya mwisho, na hapo mufalme mwenyewe amesimama, abacost, kofia yake kichwani, kila mutu anacheza. Akasema na kofia ilirudi kwa mwenyewe, na mbuzi alirudi kwao Ulaya kula theluji.

Chumba ilipasuka! Wamama wa animation walianza kuimba hapo hapo. Délégué alicheka mupaka akapangusa macho. Mwenye miwani nyeusi alirudisha karne mu mufuko. Délégué akauliza huyu mama ni nani, na alisomea wapi. Alijibu alisomea nyumbani. Délégué akamugeukia Directeur, akasema shefu wa chumba ya kusomea amepatikana, maonyesho imefungwa, watu waende kunywa.

Kiti ilitolewa plastiki. Mama Colombe alikaa. Hakuzunguka hata mara moja.

Alimuambia Directeur vitabu itaenda kwanza nyumbani kwa matengenezo. Nilibeba mimi. Njiani nilimushukuru. Nilisema aliokoa maisha yangu. Alisema hakunifanyia mimi, alifanyia Colombe, ili mutoto asikose baba. Nyumbani alifungua kitabu ya kwanza juu ya magoti. Alitafuta uso wa binti wa mufalme, ule uliotoka na karatasi. Akalia. Hakulia kwa sauti, alilia tu, na mikono yake ilikuwa imenawishwa.

Sijawahi kujisikia mubaya hivyo. Naandika na naapa: mipango basi. Kabisa.

Siku ya pili, 26 Novemba

Mama Colombe anaondoka asubuhi mbele yangu, na funguo za chumba ya kusomea kiunoni. Bulonza anamusalimia shefu na anainama. Mimi na Bulonza tunakaa pembeni, tunapiga kashe. Amerudia kuninyima karanga.

Mangaribi muke wangu anakaa ku dirisha na pamba na mafuta ya taa. Anasugua mufalme, polepole, mahali padogo. Rangi inatoka, na mufalme wa zamani naye anatoka nayo. Haongei na mimi. Anaongea na binti yake tu, na anamueleza jinsi picha zilivyokuwa. Ya tatu, ile safi, ameiweka mu sanduku ya chuma chini ya kitanda. Colombe anaruhusiwa kuitazama siku ya Mungu tu.

Siwezi kuvumilia kimya hii. Nimechoka nayo kupita kashe. Nimefikiri mingi, na nimeona dawa. Mutu aliyepaka wafalme weusi anaweza kuwapaka weupe. Ni rangi tu! Saa sita nilienda Nyawera kuongea na Gérard. Amekubali. Lakini anasema hajawahi kuona mufalme wa kizungu vizuri, atahitaji mufano wa kutazama, kitabu moja ambayo haijaguswa.

Sanduku haikuwa imefungwa vizuri. Kitabu ya tatu nilikibeba chini ya koti, mvua ilikuwa kidogo. Gérard amekiweka wazi juu ya meza yake, karibu na makopo, na ameshaanza kuchanganya rangi nyeupe. Sijamuambia Mama Colombe neno. Itakuwa siri mupaka siku ya Mungu. Nitapenda kuona uso wake.